Turubai la Jirani



Kabla sijasema lolote, nakuomba uinuke ukatazame jikoni kwako, kisha ghalani, kisha uvunguni mwa kitanda. Wallahi sitastaajabu ukikuta kitu kisichokuwa chako. Pengine ni sufuria la pilau uliloliazima siku ya harusi ya binti wa dada yako, pengine ni ngazi, pengine ni mbuzi ya kukunia nazi ambayo mwenyewe amekwisha kununua nyingine kwa kuona haya kukuuliza. Kuazima kwetu sisi watu wa pwani ni jambo la kila siku, na kwa kuwa ni la kila siku tumelifanya dogo. Mimi nililifanya dogo kuliko wengi, mpaka nikaenda kufunzwa adabu na turubai la gari, tena katika nchi ya watu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa Agosti mwaka 2017 nilikuwa Uingereza, katika mji wa Leicester, kwa binti yangu na mumewe. Jirani yao wa mlango wa pili ni mzee wa Kiingereza, mtu wa maneno machache, ambaye si katika dini yetu. Mzee huyu ana gari-nyumba. Kwa msomaji ambaye hajapata kuliona, ni gari kubwa kama lile la kuchukulia mizigo, ila nyuma yake si pahali pa mizigo bali ni nyumba: mna vitanda, jiko, meza ya kukunja na hata choo. Waingereza wanapopata likizo hulipakia watoto na mikate wakaenda kukaa nalo pwani au mashambani.

Mkwe wangu alitaka kunipeleka baharini, kwani aliona nimeanza kunyong'onyea kwa kukosa kuiona bahari, na jirani aliposikia alisema, “Chukueni gari langu.” Hivyo tu, bila ya kuandikishana wala kuwekeana rehani.

Sasa nieleze hilo turubai, kwani ndilo lenye maneno. Ubavuni mwa gari, juu karibu na paa, lina kasha jembamba refu lililofungwa. Ndani ya kasha mna bomba la aluminiamu lililozungushiwa kitambaa kizito kilichopakwa plastiki. Ukiingiza hendeli ndefu katika tundu lake na kuizungusha, bomba hugeuka na kukiachia kitambaa, na mikono miwili iliyokunjwa ndani hujinyoosha kwa nguvu za springi. Mikono hiyo ina viwiko kama mikono ya mtu. Huusukuma mbele ubao ulioshika ncha ya kitambaa, nacho kikakazika kama ngozi ya ngoma. Katika ubao huo mmefichwa miguu miwili, na kila mguu una mwingine ndani yake. Unaivuta mpaka ikafika chini, ukaifunga. Basi umepata ukumbi wa kivuli, na watu saba wanaweza kukaa chini yake na kuswali jamaa. Wazee wetu wangeliita chandalua.

Jioni ya kuamkia safari jirani alinita nje akanionyesha kila kitu kwa mkono wake. Alisema, turubai lisikunjwe likiwa bichi, na ikiwa hapana budi kulikunja bichi kwa sababu ya safari, basi lifunguliwe siku ya pili likauke, kwani maji yakifungiwa ndani ya bomba hufanya ukungu. Mguu mmoja ushushwe kuliko wa pili, ili mvua iteremke upande mmoja, isije ikatuama katikati ikawa ziwa na kuyavunja maungo ya mikono. Upepo ukivuma lisiachwe wazi, hata kama mnaona miguu imesimama imara. Na la mwisho alilirudia mara mbili: viwiko na miguu isipakwe mafuta ya aina yoyote, ila kama inalia ipulizwe ile chupa ya silikoni iliyo sandukuni, kidogo, kisha ipanguswe.

Mimi nilikuwa nikiitikia “ndiyo, ndiyo” na moyo wangu haupo. Nilimsikiliza kama mtu asikilizaye khutba huku akipiga hesabu ya bei ya samaki. Mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, alisimama kando yangu, naye alisikia yote.

Hapa, ndugu msomaji, yanipasa nikueleze kiburi changu kilitoka wapi. Mimi ni mtoto wa bandari. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa kushona matanga Mombasa, na utoto wangu ulipita pwani, penye harufu ya sifa na shahamu. Sifa ni yale mafuta ya papa yanayopakwa mbao za chombo, na shahamu huchanganywa na chokaa ikapakwa chini ya chombo kinapopandishwa mchangani. Kapi likilia hutiwa mafuta, likanyamaza. Kwa hivyo mimi nimekua nikijua kwamba kitu kikilia dawa yake ni mafuta, na mafuta mazito ni bora kuliko mepesi. Mzungu gani atanifundisha mimi habari ya turubai!

Tulikwenda Skegness, mji ulio juu ya Bahari ya Kaskazini. Mji huo tangu mwaka 1908 hutangazwa kwa picha ya mvuvi mnene anayerukaruka ufukweni, kwa kusifiwa hewa yake inayochangamsha mwili, na nilipofika niliona kwamba hiyo hewa waisifuyo ni upepo mtupu. Ufuko wake ni mpana sana na mchanga wake ni laini, nao mchanga huo hautulii. Huingia kwenye chai, huingia masikioni, huingia katika kila tundu.

Siku ya pili kiwiko kimoja cha turubai kikaanza kulia. Kila tulipolikunja usiku na kulifungua asubuhi kilitoa sauti kama ya paka aliyekanyagwa mkia. Binti yangu akanikumbusha ile chupa. Nikaichukua, nikapuliza kidogo kidoleni, nikaona ni kitu kama maji, kikakauka papo hapo. Nikasema, mafuta gani haya yasiyoshika hata kidole? Nikalipekua sanduku la vifaa, nikaona kopo la grisi nyeusi ya magurudumu. Nikafurahi kama niliyekutana na mtu wa kwetu. Nikapaka viwiko vyote viwili, nikapaka miguu, na kwa ukarimu wangu nikapaka hata mfereji ambamo ubao wa mbele huingia unapofungwa. Kilio kikakoma. Nilijiona bingwa, na wakati wa chakula nilihadithia habari za kapi na majahazi mpaka chakula kikapoa.

Nilikuja kufahamishwa baadaye kwa nini ile chupa ilikauka kidoleni. Silikoni ile imechanganywa na kitu kinachoruka hewani mara ikipulizwa, na inayobaki ni ngozi nyembamba sana, inayoteleza lakini hainati. Mchanga ukiigusa huanguka. Grisi haikauki. Hubaki bichi ikanasa kila chembe inayopita, na grisi yenye mchanga si mafuta tena, ni msasa. Kila ukikunja na kukunjua, unajisugua chuma chako mwenyewe. Tena mafuta ya petroli hayapatani na kitambaa kilichopakwa plastiki. Kwenye jahazi kapi liko juu, mbali na mchanga, nayo bahari haina vumbi. Elimu ya baba yangu haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu mimi, niliyeitoa chomboni nikaileta mahali ambapo haikuitwa.

Usiku wa tatu upepo uligeuka, ikaja mvua ya ghafula. Tuliruka vitandani tukalikunje turubai. Mguu wa kulia ukaingia, wa kushoto ukakataa, kwani grisi yangu ilikuwa imekula mchanga wa siku mbili. Nikausukuma, haukwenda. Nikaupiga kwa kiganja, kisha, Mungu anisamehe, nikaupiga kwa kisigino. Kifungo chake cha plastiki kikakatika na mguu ukaingia kwa kukwaruza. Tukalizungusha turubai ndani likiwa linachuruzika maji, na asubuhi, mvua ikinyesha bado, tukarudi Leicester.

Jirani hakuwapo. Alikuwa amekwenda kwa dadaye na angerudi Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mkwe wangu aliliosha gari nje na ndani likang'aa kuliko tulivyolichukua, na kasha la turubai likawa limefungwa vizuri ubavuni, jeupe, halionyeshi neno. Hapo ndipo shetani alipoanza kunisemesha. Akaniambia, kiangazi kinakwisha, mzee huyu hatalifungua turubai lake mpaka mwakani. Mwakani akikuta ukungu atasema ni baridi ya majira, akikuta mguu umevunjika atasema ni uzee wa kitu. Na wewe utakuwa kwenu, umeketi barazani unakunywa kahawa.

Mkwe wangu alijua, lakini mkwe na baba mkwe unajua mambo yao; alinyamaza kwa heshima. Aliyesema ni yule mtoto. Tulikuwa tumekaa tunakula, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, “Babu, si tuliambiwa likikunjwa bichi lifunguliwe kesho yake? Tutalifungua lini?” Nikamjibu kwa ukali, “Kula chakula chako.” Akainamisha kichwa, akala. Mtoto yule sikupata kumkaripia kabla ya siku hiyo.

Usiku ule usingizi ulinikimbia. Nilikumbuka mambo tuliyosomeshwa chuoni tukiwa wadogo, ambayo tuliyakariri kwa sauti na hatukuyatia maanani. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kitu cha kuazima kikiharibika mkononi mwa aliyekiazima, ni juu yake kukilipa hata kama hakufanya uzembe, isipokuwa kile kilichochakaa kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa. Ukiazimwa nguo uivae, ikapauka kwa kuvaliwa, huna deni. Ukiigeuza tambara la kufutia meza, unalo. Basi mimi nani aliniruhusu grisi? Nilikatazwa kwa ulimi, mara mbili, mbele ya shahidi wa miaka tisa.

Shetani hakukosa jibu. Akasema, huyo si Muislamu. Na hapo, alhamdulillahi, ndipo alipojitia kitanzi, kwani alinikumbusha habari ya Safwan bin Umayya. Mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alipokuwa akijitayarisha kwa vita vya Hunayn, aliazima deraya kwa Safwan, naye Safwan wakati huo alikuwa bado hajasilimu. Akauliza kama anapokonywa kwa nguvu, na Mtume akamjibu kwamba sivyo, huko ni kuazima, tena kuazima kwenye dhamana. Baada ya vita deraya kadhaa zilipotea, na Mtume akataka kumlipa. Safwan alikataa malipo, kwa kuwa moyoni mwake mlikuwa mmeingia jambo ambalo siku ya kuazimwa halikuwamo. Deraya zile zilikuwa za mtu ambaye jana yake ni adui. Na mimi nilikuwa natafuta udhuru wa kumdhulumu mzee aliyenipa funguo zake bila ya kuniuliza jina la baba yangu.

Tena nikaona haya kwa jambo jingine. Sote tunaisoma Surat al-Maa'un katika swala kwa ufupi wake. Mwisho wake wanakemewa watu wanaozuia msaada mdogo, na katika tafsiri iliyopokewa kwa Ibn Mas'ud (R.A.) na wengineo, msaada huo ni vyombo wanavyoazimana watu majumbani, kama chungu na ndoo na shoka. Yule asiyeijua sura hiyo alikuwa ametenda lililomo, na mimi ninayeihifadhi nilikuwa nimelala juu ya godoro la kuficha.

Alhamisi, baada ya Alfajiri, nilitoka na hendeli nikalifungua. Ukungu ulikuwa umeanza, vidoa vyeusi vidogo kama mbegu za ufuta kando ya mishono, na harufu ya kitu kilicholala na maji. Lakini grisi ndiyo iliyonivunja moyo. Kiwiko kilikuwa kimegusa kitambaa wakati wa kukunja, na bomba lilipozunguka likawa linapiga chapa, doa likaacha doa mwenzake, saba kwa mstari, la kwanza kama kiganja na la mwisho kama sarafu. Nikaliacha wazi, nisije nikabadilisha nia.

Ijumaa niliporudi msikitini nilimkuta mwenyewe amesimama chini yake anatazama juu. Nikamweleza kila kitu, pamoja na kisigino. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza neno moja tu, “Kopo gani?” Nikamwonyesha. Akafumba macho kidogo, akaingia ndani, akarudi na ndoo mbili.

Tulifanya kazi pamoja mpaka jioni, na hapo nilisikiliza kama mwanafunzi. Kwanza tulipangusa mchanga mkavu kwa brashi laini, maana ukitia maji kabla ya kuutoa unakisugua kitambaa. Kisha maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, juu na chini, tukaiacha sabuni ikae dakika chache ifanye kazi yake, tukasuuza kwa maji mengi. Niliuliza habari ya hii dawa ya kufanyia nguo nyeupe tuiitayo jiki, akanizuia: hudhoofisha nyuzi za mishono na kukiondolea kitambaa kinga yake ya maji. Viwiko na miguu tuliipangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, tukishika karatasi nene baina yake na turubai, mpaka grisi na mchanga vikatoka. Viwiko vyenyewe hatukuvifungua. Alinionya kwamba springi iliyo ndani ya mkono imekazwa muda wote, na mtu akiifungua bila ya kujua inaweza kumvunja vidole au uso. Baada ya vyote kukauka akanipa ile chupa niliyoidharau. Pulizo moja fupi kila kiungo, kufungua na kufunga mara mbili tatu ili iingie, kisha kupangusa iliyozidi. Turubai likaachwa wazi siku nzima ya Jumamosi, likakunjwa kavu, na Jumapili likafunguliwa tena kuhakikisha kama mishono nayo imekauka, maana mshono hukauka mwisho.

Ukungu ulitoka karibu wote kwa kuwa ulikuwa mchanga. Madoa ya grisi yalipungua, lakini hayakutoka; yalibaki na rangi ya chai ya maziwa, saba vile vile.

Nikamwambia nataka kulipa mguu na kitambaa. Akasema mguu nilipe, akaniletea bei yake kesho yake, nami nikalipa kwa fedha niliyokuwa nimeiweka kumnunulia mama watoto shali. Ama kitambaa, alisema bado kinafanya kazi na haoni haja. Nikamweleza kuwa kwetu hilo ni deni, nalo haliondoki kwa mtu kunyamaza. Ama alipokee malipo ama atamke kwamba amesamehe. Alinitazama sana. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa, akasema, “Doa nimekusamehe. Kopo la grisi bado.” Mjukuu wangu alikuwapo hapo pia, na jioni yake nilimtaka radhi kwa kumkaripia. Akanijibu kwamba alikwisha sahau, jambo ambalo sikulisadiki.

Mwaka uliofuata mkwe wangu aliazimwa gari lile tena. Alinipigia simu kuniambia kwamba sandukuni mlikuwa na chupa mbili za silikoni, na kopo halikuwamo.

Mimi nilirudi Mombasa mwezi wa Septemba. Watu wa maduka hapa mtaani kwetu wana maturubai yao ya kukunja mbele ya milango, na chumvi ya bahari huyala viungo vyake vikalia mtaa mzima; nimekwisha kuwaambia wawili watatu waache kuyapaka mafuta ya taa na grisi, wayaoshe chumvi kwa maji baridi kwanza, nao wananitazama kama nilivyomtazama yule mzee.

Lakini kabla ya maturubai ya watu nilikuwa na la kwangu. Stoo kwetu mlikuwa na sufuria kubwa la pilau, tuliloliazima mwaka 2014 kwa jirani yetu, mama mmoja mtu mzima, tulipomwoza mwanangu wa pili. Kitako chake kiliungua siku ile ile ya harusi, tukasema tutalipeleka kwa fundi kwanza. Miaka mitatu ilipita tukilisema hilo. Nilipofika nilimwambia mke wangu alitoe, nalipeleka leo. Akaniambia mwenyewe alikuwa amefariki nikiwa safarini, inna lillahi wainna ilayhi rajiun.

Nililipeleka kwa fundi hata hivyo, likapigwa kitako, nikalichukua mwenyewe kichwani mpaka kwa binti yake, na fedha juu. Sufuria alilipokea, nayo ilikuwa haki ya warithi. Nilimwomba anisamehe yeye na nduguze, kwa kuwa yule wa kumwomba hasa sikumwahi. Akasema wamesamehe. Kisha, bila ya ubaya wowote, akanihadithia kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa na khitma ya mjomba wake, na mamake alipika wali katika masufuria mawili madogo, kwa zamu, tangu usiku mpaka asubuhi. Yeye alimwambia, “Mama, si niende nikalichukue lile kubwa?” Mamake akamkataza, akasema ataona haya kutuuliza.